UZI: Kubaki na Linux peke yake kwenye laptopu yenye mifumo miwili, bila kusogeza patisheni

#1 Elgon_Mbale

Wakuu, salaam. Laptopu ni Dell Latitude 7480, prosesa ya kizazi cha 6, RAM GB 8, NVMe ya GB 256. Ina Windows 10 na Linux Mint 22. Microsoft walifunga sasisho za bure za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haiitambui rasmi prosesa hii. Nataka Mint ibaki peke yake na ichukue diski yote. `lsblk -o NAME,SIZE,FSTYPE,MOUNTPOINT` inasema hivi (nimefupisha; p1 hadi p5 ni patisheni, yaani vipande vya diski):

```
p1  100M    vfat  /boot/efi
p2  16M
p3  149.4G  ntfs
p4  675M    ntfs
p5  88.3G   ext4  /
```

Kwenye Mint nimeshatumia GB 61. Betri inakaa dakika kama ishirini tu. Nifute p3 na p4 kwa GParted kisha nivute p5 ijaze nafasi, au kuna mtego?

#2 fundi_wa_Arua

Karibu. Mitego ipo miwili, na wa kwanza ni ule ambao hukuutaja: p1. Watu wakiona "EFI" pembeni ya Windows huifuta wakidhani ni mali ya Windows. Hiyo p1 ni ya nyumba nzima, na GRUB ya Mint yako (programu inayoiwasha Linux) inakaa humo humo, kwenye folda ya `EFI/ubuntu`. (Ndiyo, Mint nayo hutumia jina la ubuntu, usishangae.) Ukiifuta, mashine itakuambia haioni kifaa cha kuwashia.

Mtego wa pili: namba za patisheni si mpangilio wake kwenye diski. Lete `sudo fdisk -l /dev/nvme0n1`, tuone safu ya Start.

#3 Elgon_Mbale

```
Device           Start        End
/dev/nvme0n1p1   2048         206847
/dev/nvme0n1p2   206848       239615
/dev/nvme0n1p3   239616       313554943
/dev/nvme0n1p4   498733056    500115455
/dev/nvme0n1p5   313554944    498733055
Partition table entries are not in disk order.
```

#4 fundi_wa_Arua

Kama nilivyodhani. C ya Windows (p3) ilipopunguzwa, nafasi tupu ilitokea katikati ya C na patisheni ya urejeshaji (p4), na Mint ikaingia hapo. Kwa hiyo p5 imebanwa: kushoto p3, kulia p4. Ukifuta p4 unapata MB 675 tu upande wa kulia. Mzigo wote, GB 149, uko kushoto.

Mfumo wa faili wa ext4 hukua kuelekea kulia kwa sekunde chache, kwa sababu mwanzo wake haubadiliki. Kuupanua kushoto maana yake ni kuhamisha mwanzo, na kuhamisha mwanzo ni kubeba data yote na kuiandika upya mahali pengine kwenye diski ile ile, mpya ikipanda juu ya ya zamani. Umeme ukikatika katikati, una nusu hapa na nusu kule, na `fsck`, kirekebishi cha mfumo wa faili, haina muujiza wa kuziunganisha. Kwa betri ya dakika ishirini usiiguse njia hiyo. Iwe kampuni ya Umeme ya zamani au UEDCL ya sasa hapa Uganda, hakuna anayekupigia simu kabla ya kukata, na Yaka (umeme wa kulipia kabla) nayo huisha bila kubisha hodi.

#5 Nalubaale256

Mimi ningesema futa vyote, sakinisha upya. Chagua kufuta diski nzima, nusu saa umemaliza, hakuna makovu.

#6 fundi_wa_Arua

Ni njia halali, hasa kama Linux yenyewe ni ya zamani iliyokwisha muda, au unataka diski yote iwe na usimbaji wa LUKS (data isisomeke bila nenosiri). Huo ni rahisi kuuweka wakati wa kusakinisha kuliko baadaye, na mtu anayebeba data za wateja kwenye teksi kila siku angepaswa kuufikiria. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 haiulizi kama laptopu iliibwa Old Taxi Park. Lakini Elgon ana Mint 22 inayofanya kazi, yenye sasisho hadi 2029, na programu zake zimeshapangwa. Akisakinisha upya atazipakua tena zote kwa bando. Kuna njia ya tatu.

#7 BintiBombo

Kabla ya njia ya tatu, tusiruke maandalizi. Baada ya kufomati p3 hakuna kurudi, kwa hiyo haya yafanywe Windows ikiwa hai:

Kwanza angalia kama C imefungwa na BitLocker (usimbaji wa Windows). Andika `manage-bde -status` kwenye teminali ya Windows yenye mamlaka ya msimamizi. Kama imefungwa, Linux itahitaji ufunguo wa tarakimu 48 kuisoma. Ni rahisi zaidi kuzima usimbaji huko huko Windows na kusubiri umalizike.

Pili, zima kikweli. Windows 10 ukiibofya "Shut down" huwa inalala nusu usingizi kwa sababu ya Fast Startup, na NTFS inabaki imefungwa; Linux itaipachika kwa kusoma tu au itakataa kabisa. Tumia:

```
powercfg /h off
shutdown /s /f /t 0
```

Tatu, faili za OneDrive. Nyingi zinaonekana kwenye folda lakini ziko mawinguni tu, kwenye diski hakuna kitu. Ukizinakili kutoka Linux utapata makosa. Bofya kulia, chagua zibaki kwenye kifaa daima, subiri zishuke, ndipo unakili.

Nne, nakala kwenye diski ya nje. Kama diski hiyo ni FAT32, faili moja haiwezi kufika GB 4. Video ndefu zitakwama. Ifomati exFAT. Na nakili folda yote ya `C:\Users`, si Documents pekee. Watu husahau Downloads na Desktop, ambako ndiko mali ilipo.

Tano, leseni. Dell hizi zenye Windows ya kiwandani huhifadhi ufunguo kwenye bodi. Ukiwa Linux:

```
sudo strings /sys/firmware/acpi/tables/MSDM
```

Mstari wa mwisho ndio ufunguo. Uandike daftarini. Kufuta diski hakuugusi, lakini ukitaka kuuza mashine siku moja utakuwa nao.

#8 Elgon_Mbale

Asante dada. BitLocker haipo. Na BIOS je? Sasisho zake zinakuja kama faili la .exe, Windows ikiondoka nitazifunguaje?

#9 BintiBombo

Latitude haihitaji Windows kwa hilo. Weka hilo .exe kwenye fleshi ya FAT32, washa huku ukigonga F12, chagua BIOS Flash Update. Chaja iwe imechomekwa na betri iwe na angalau asilimia 10, la sivyo inakataa. Kampuni nyingine si wakarimu hivyo, kwa hiyo wenye mashine tofauti wajaribu `fwupdmgr get-devices` (chombo cha Linux cha sasisho za BIOS) kwanza. Kama BIOS haimo kwenye orodha, sasisheni mkiwa bado na Windows.

#10 fundi_wa_Arua

Sasa njia ya tatu. Wazo ni hili: badala ya kuileta p5 kushoto, tunaunda ext4 mpya mahali pa p3, tunanakili mfumo mzima humo, tunawasha kutoka kwenye nakala, na p5 inabaki kama ilivyo mpaka turidhike. Umeme ukikatika wakati wowote, ya zamani iko salama. Unawasha na kurudia amri ile ile. Mwisho p5 na p4 zinafutwa na p3 inakua kuelekea kulia, upande rahisi.

Andaa fleshi ya Mint 22 (GB 4 inatosha) na uwashe kutoka humo. Hakikisha imewaka kwa UEFI (mtindo mpya wa kuwasha):

```
ls /sys/firmware/efi
```

Ikisema hakuna folda hiyo, umewaka kwa mtindo wa zamani. Rudi F12 uchague mstari wa fleshi wenye UEFI. Usipofanya hivyo, mbele `grub-install` itakulalamikia kwamba haioni "EFI variables". Zima pia kulala kwa skrini na kifuniko kwenye mipangilio ya nishati.

Thibitisha herufi na namba kwa `lsblk -f` kila unapowasha upya. Halafu:

```
sudo mkfs.ext4 -L mfumo /dev/nvme0n1p3
sudo sfdisk --part-type /dev/nvme0n1 3 0FC63DAF-8483-4772-8E79-3D69D8477DE4
```

Mstari wa kwanza ndio unaoiua Windows. Utauliza kwanza, kwa kuwa unaiona NTFS pale. Mstari wa pili unabadilisha alama ya aina ya patisheni kutoka ya Microsoft kuwa ya Linux. Linux haijali, ila ukichomeka diski hii kwenye mashine ya Windows bila kubadilisha, itakuomba kwa upole uifomati.

```
sudo mkdir /mnt/kale /mnt/mpya
sudo mount -o ro /dev/nvme0n1p5 /mnt/kale
sudo mount /dev/nvme0n1p3 /mnt/mpya
sudo rsync -aAXH --info=progress2 --exclude=/timeshift /mnt/kale/ /mnt/mpya/
```

Mikwaju (/) ya mwisho kwenye `kale/` na `mpya/` isisahaulike. Ukiacha ule wa kwanza, rsync itaunda folda iitwayo kale ndani ya mpya na hakuna kitakachowaka. `ro` ni kinga: hata ukikosea hutaandika juu ya mfumo wa zamani. `-H` inatunza viungo vigumu, `-A` na `-X` zinatunza ruhusa za ziada. Nimeiacha nje `/timeshift` kwa sababu ni nakala za zamani za mfumo zitakazokula nafasi bure. Utapiga mpya baadaye, na Timeshift utaiambia upya ihifadhi kwenye patisheni ipi, kwani inakumbuka UUID (namba ya utambulisho wa patisheni) ya zamani.

Kisha:

```
sudo blkid /dev/nvme0n1p3
sudo nano /mnt/mpya/etc/fstab
```

fstab ni orodha ya patisheni za kupachika mfumo unapowaka. Mstari wa `/` weka UUID mpya. Mstari wa `/boot/efi` usiuguse, p1 haijabadilika.

```
sudo mount /dev/nvme0n1p1 /mnt/mpya/boot/efi
for i in dev proc sys run; do sudo mount --rbind /$i /mnt/mpya/$i; done
sudo chroot /mnt/mpya
grub-install
update-grub
exit
```

Washa upya, toa fleshi.

#11 Nalubaale256

Swali kwa faida ya wasomaji: kwa nini si `dd` tu? Amri moja badala ya kumi.

#12 fundi_wa_Arua

Kwa sababu `dd` inanakili hadi UUID. Utakuwa na patisheni mbili zenye jina moja la ndani, na hujui mfumo umewaka kutoka ipi. Pia inabeba sehemu tupu, GB 88 zote. rsync inabeba GB 61 za kweli, na ikikatika inaendelea ilipoishia. Kwenye NVMe ni suala la dakika, si masaa.

#13 Elgon_Mbale

Nimefika mwisho, imewaka bila neno. Sasa nifute p5?

#14 fundi_wa_Arua

Ngoja kidogo, ssebo. "Imewaka" haitoshi. Uliza imewaka kutoka wapi:

```
findmnt -no SOURCE /
sudo grep search /boot/efi/EFI/ubuntu/grub.cfg
```

La kwanza lazima liseme `/dev/nvme0n1p3`. La pili lazima lionyeshe UUID ya p3. Kwenye p1 kuna faili dogo linalomwambia GRUB aende patisheni ipi kutafuta menyu yake. Mtu akisahau `grub-install`, faili hilo bado linaelekeza p5, na mashine inawaka kama kawaida kwa sababu p5 bado ipo. Siku anapoifuta p5 anakutana na `grub>` kwenye skrini nyeusi. Hapo ndipo wengi huja hapa wakisema "Linux imeharibika".

#15 Elgon_Mbale

La kwanza: `/dev/nvme0n1p3`. La pili lina UUID mpya. Zinalingana na blkid.

#16 fundi_wa_Arua

Safi. Fanya kazi nayo siku mbili tatu, chapisha, unganisha Wi-Fi, lala na uamke. Ukiridhika, ukiwa ndani ya Mint yenyewe, bila fleshi:

```
sudo parted /dev/nvme0n1 rm 5
sudo parted /dev/nvme0n1 rm 4
sudo parted /dev/nvme0n1 resizepart 3 100%
sudo resize2fs /dev/nvme0n1p3
sudo update-grub
sudo fstrim -av
```

`resizepart` itaonya kwamba patisheni inatumika, jibu Yes. Kukua kuelekea kulia mfumo ukiwa hai ni jambo la kawaida kwa ext4. p2 ya MB 16 iache au ifute, haina mchele wala chuya. `fstrim` inaiambia SSD ni sehemu zipi sasa ni tupu.

#17 BintiBombo

Bado usafi wa p1 na orodha ya BIOS:

```
sudo efibootmgr
```

Utaona mstari kama `Boot0000* Windows Boot Manager`. Uondoe kwa namba yake:

```
sudo efibootmgr -b 0000 -B
```

Soma namba kwenye skrini yako, usinakili 0000 yangu kwa imani. Folda `/boot/efi/EFI/Microsoft` isifutwe siku hiyo hiyo. Kuna mashine, hasa baadhi ya HP, ambazo BIOS yake hushikilia kutafuta njia ya Windows na kupuuza mpangilio wako. Zikikosa, huenda kwenye `EFI/BOOT/BOOTX64.EFI`, na faili hilo laweza kuwa bado lile la Windows. Washa na kuzima mara kadhaa, ukiwemo mzimo kamili na chaja nje. Ikiwaka Linux kila mara, futa `EFI/Microsoft`. Nafasi hiyo ina maana, maana p1 ya MB 100 hujaa haraka na `fwupd` hukataa sasisho ikikosa mahali pa kuweka faili lake.

Saa nayo. Windows huandika saa ya hapa kwenye bodi, Linux huandika UTC, na sisi tuko mbele kwa masaa matatu. Waliotaka mifumo yote miwili ikubaliane mara nyingi waliilazimisha Linux ifuate Windows. Sasa irudisheni:

```
timedatectl set-local-rtc 0
timedatectl
```

Eneo lisomeke Africa/Kampala.

#18 JinjaMbao

Wakuu, nami niingie humu humu. Yangu ni HP ya zamani isiyo na UEFI, diski ya kuzunguka ya GB 500: `sda1` MB 500, `sda2` Windows GB 300, `sda3` extended yenye `sda5` Linux na `sda6` swap (nafasi ya diski ya kuisaidia RAM). Njia ni ile ile?

#19 fundi_wa_Arua

Wazo ni lile lile, tofauti ni tatu. Hakuna EFI, kwa hiyo hakuna kupachika p1 na hakuna `efibootmgr`. GRUB inaandikwa kwenye diski yenyewe:

```
grub-install /dev/sda
```

Ni `sda` bila namba. Ukiandika `sda2` utapata onyo, na BIOS itaendelea kusoma GRUB ya zamani inayotafuta `sda5`. Aina ya patisheni kwenye MBR (jedwali la patisheni la mtindo wa zamani) ni 83: `sudo sfdisk --part-type /dev/sda 2 83`.

Pili, `sda5` na `sda6` zinaishi ndani ya `sda3`. Mwishoni zima swap kwa `sudo swapoff -a`, futa 5 na 6 (ukifuta 5 kwanza, 6 itageuka kuwa 5, kwa hiyo anza na 6), kisha futa 3, ndipo `sda2` ipate njia ya kukua.

Tatu, swap. Ikifutwa, mstari wake kwenye fstab unabaki ukiita UUID isiyokuwepo, na kila ukiwasha utasubiri dakika moja na nusu mbele ya "A start job is running". Futa mstari huo. Kisha angalia `/etc/initramfs-tools/conf.d/resume`; kama ina UUID ya swap ile, andika `RESUME=none` na uendeshe `sudo update-initramfs -u`. Halafu tengeneza faili la swap:

```
sudo fallocate -l 4G /swapfile
sudo chmod 600 /swapfile
sudo mkswap /swapfile
sudo swapon /swapfile
```

na uongeze `/swapfile none swap sw 0 0` kwenye fstab.

#20 BintiBombo

Kabla ya yote, kaka Jinja, ipime hiyo diski:

```
sudo apt install smartmontools
sudo smartctl -a /dev/sda
```

Tazama Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector, safu ya mwisho. Pending ikiwa zaidi ya sifuri usinakili chochote ndani ya diski hiyo. Toa data nje na ununue SSD ya SATA ya inchi 2.5. Kwa mashine ya aina hiyo SSD itakupa kasi kuliko mfumo wowote utakaouchagua, na hapo nakubaliana na Nalubaale: sakinisha upya.

#21 Nalubaale256

Hatimaye nimepata mfuasi. Ila wote wawili hamjauliza swali la ofisi: mnategemea programu gani ya Windows? Excel yenye makro za VBA haiendi sawasawa kwenye LibreOffice. Jedwali linafunguka, vitufe havifanyi kitu. Tally, programu ya uhasibu, ni ya Windows. Kama mhasibu wako anaitumia, weka Windows ndani ya VirtualBox kabla ya kufomati, ijaribu wiki nzima. Kwa RAM GB 8 ipe GB 4 na diski ya kufikirika ya GB 50, na usifungue vichupo ishirini vya kivinjari pembeni.

#22 Elgon_Mbale

Makro sina. Nimemaliza: p3 sasa ni GB 238, Windows haimo kwenye efibootmgr, saa iko sawa. Kimebaki kitu kimoja: menyu ya GRUB haionekani tena, inaingia Mint moja kwa moja.

#23 fundi_wa_Arua

Ndivyo inavyopaswa. GRUB ikiona mfumo mmoja tu huficha menyu. Ukihitaji kerneli ya zamani baada ya sasisho baya, gonga Esc mara moja nembo ya Dell inapotoweka. Ukigonga mara nyingi utatua kwenye `grub>`. Andika `normal` ubonyeze Enter, menyu itarudi. Ukitaka ionekane daima, kwenye `/etc/default/grub` weka `GRUB_TIMEOUT_STYLE=menu` na `GRUB_TIMEOUT=3`, kisha `sudo update-grub`.